Mwenyekiti aliyejipiga faini

Kuna kitu mamangu hufanya kila akienda kununua samaki soko la Kibuye hapa Kisumu, nimekiona tangu nikiwa kijana wa kumbebea kikapu. Hasikizi muuzaji. Muuzaji atasema "mama hii imetoka ziwani asubuhi, bado inapumua", na yeye anaitikia tu eeh, eeh, huku kidole kimeshaingia kwa shavu la ngege, analipanua, anachungulia. Kukiwa kwekundu anauliza bei. Kukianza kuwa kahawia anairudisha mezani polepole, hagombani na mtu, anasonga kwa mama wa pili. Ile methali ya samaki kuoza kuanzia kichwani tunapenda sana kuwatupia wakubwa, kila mtu anaijua, lakini watu huishia hapo tu, hawasemi sasa ukishajua hivyo unafungua wapi. Mamangu hana maneno mengi ila pa kufungua anapajua.

Nimeanza na samaki kwa sababu wiki mbili zilizopita kijana mmoja mgeni pale steji yetu ya bodaboda aliniuliza swali nikakosa jibu la haraka. Tulikuwa tumekaa kwa kivuli, jua la saa saba lile la Kisumu ambalo hata mbwa hapigi kelele, akaniambia, "Katibu, kwani huyu mzee mnamfuata juu ya nini? Si hata kuongea hajui."

Na ni kweli hajui. Mwenyekiti wetu ana kigugumizi. Akianza sentensi unaweza kwenda kuweka mafuta urudi umpate bado anatafuta mlango wa neno. Nikamwambia kijana tutaongea, nikapanda pikipiki na mteja, lakini hilo swali nilitembea nalo hadi usiku. Hii hapa ni jibu langu na najua ni refu.

Mimi nimeendesha boda miaka tisa, karibu yote kwa steji moja upande wa Mamboleo. Siku hizi naendesha asubuhi na jioni tu, mchana niko kwa kibanda changu cha M-Pesa hapo hapo kando. Ukatibu nilipewa kwa sababu moja, mwandiko wangu unasomeka. Tuko watu 34, na kila mtu anatoa hamsini kwa siku, uwe umepata wateja ama umelala njaa. Ishirini inaenda kwa dharura, yaani ajali, matanga, mtu akishikwa na karao. Thelathini ni akiba yako, unakula Desemba. Ukipiga hesabu hiyo ni 1,700 kwa siku, kwa mwezi inapita elfu arobaini hata ukitoa Jumapili. Sio pesa kidogo kwa watu ambao hakuna mtu aliwapanga. Na boda tangu mwanzo hakuna mtu aliipanga, hata jina lenyewe lilizaliwa huku kwetu magharibi, Busia, watu wa baiskeli wakivusha abiria na mizigo kutoka boda hii hadi boda ile. Kiongozi hatukuletewa na mtu, ilibidi tujichagulie, na tukichagua vibaya hakuna wa kulaumu.

Tulichagua vibaya. Ama wacha niseme polepole, kwa sababu mwenyekiti wa kwanza nilimpigia kura mimi mwenyewe na singependa nimseme kama mtu ambaye nilimwona tangu mwanzo. Sikumwona. Alikuwa mrefu, ana sauti, Kiluo yake iko sawa, Kiswahili yake iko sawa, Kiingereza ya hapa na pale ya kutisha askari. Siku ya uchaguzi alileta kreti mbili za soda na mikate. Alituahidi kibanda cha mabati tuache kunyeshewa, helmeti mbili mbili, halafu akainua mkono akasema ikifika Krismasi hakuna mtu hapa atakuwa anapelekea tajiri hesabu, kila mtu atakuwa na pikipiki yake. Tulipiga makofi mpaka mama wa chapati akatoka kuangalia nani amegongwa. Mimi nilikuwa na Stoney mkononi.

Na alifanya kazi, hiyo pia niseme. Miezi ya kwanza askari walikuwa wametusumbua sana juu ya mahali pa kuegesha, akaenda akaongea nao, tukaachwa. Alikuwa anajua jina la mtoto wa kila mtu. Ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kwako, anaketi na wazee mpaka usiku. Kwa hivyo watu wakisema kiongozi mbaya ni yule hajali watu mimi huwa nanyamaza tu. Huyu alitujali.

Shida ilikuwa kaunta buku. Kitabu alikuwa anakiweka yeye, nyumbani kwake, na laini ya simu ya kikundi ilikuwa kwa simu yake. Ukiuliza kitabu, kimenyeshewa amekianika. Wiki ijayo, mama watoto amesafiri na ufunguo wa kabati. Wiki inayofuata anakileta, unaandika haraka haraka ukiwa umesimama, anakirudisha kwa mfuko. Halafu mwenzetu mmoja akagongwa pale Kondele akavunjika mguu, tukahitaji pesa ya dharura siku hiyo hiyo, na kwa hesabu yangu ya kichwa kulikuwa kunafaa kuwa na kama elfu thelathini na nane. Kulikuwa na elfu tisa. Tulijua hiyo tukiwa kwa korido ya hospitali, tumesimama karibu na dirisha la kulipia, mama ya kijana ametuangalia.

Alikuwa amelipa karo. Binti yake alikuwa anaingia kidato cha kwanza, sanduku, godoro, yunifomu, unajua vile inakuwa. Alikuwa na nia ya kurudisha, na hadi leo mimi naamini angerudisha. Kitu ambacho watu wa nje hawaelewi nikiwahadithia hii stori ni kwamba hakuna aliyekasirika juu ya karo. Angesimama Jumapili aseme jamani nimekwama, nikopesheni, nusu ya wale watu wangeinua mikono bila kufikiria kwa sababu nusu ya wale watu pia wana watoto. Tulikasirika vile tulijua. Tulijulia kwa korido.

Mkutano uliofuata aliongea dakika arobaini. Aliongea vizuri kuliko siku zote, mpaka akataja Mungu, akataja marehemu babake, sauti ikapanda ikashuka. Nilikuwa naangalia nyuso za watu na nyuso zilikuwa zinaangalia viatu. Hiyo siku ndio nilielewa kitu kuhusu mdomo mzuri: ukiaminika unakubeba, lakini siku imani imetoka ule mdomo wenyewe unageuka ushahidi dhidi yako. Kila sentensi tamu ilikuwa inatukumbusha sentensi nyingine tamu.

Sasa mimi. Kurasa mbili za kile kitabu nilikuwa nimeona zimechanwa. Niliona mwezi wa nane, ajali ilikuwa mwezi wa kumi. Sikusema. Alikuwa amenikopesha elfu mbili mwezi wa saba na sikuuliza zimetoka mfuko gani. Hii sehemu huwa siihadithii pale steji.

Huyu wa sasa tulimchagua kama watu waliokula pilipili wanatafuta maji. Mtu mmoja alisema tu "basi tupeane kwa yule asiyejua kuongea", watu wakacheka, ikapita. Ni mzee kiasi, tunamwita jaduong', amekuwa kwa boda tangu enzi za baiskeli. Siku ya kwanza hakuahidi kitu. Kile alifanya ni kujinyang'anya. Akasema kitabu kikae na katibu. Laini ya kikundi ikae na mweka hazina lakini namba ya siri ijulikane na mtu mwingine ambaye hana hiyo laini. Na kila Jumapili ukurasa wa wiki upigwe picha uwekwe kwa WhatsApp ya kikundi, yule ambaye hana simu ya maana aonyeshwe kwa karatasi. Ilimchukua muda kusema hayo yote na kigugumizi chake, na hakuna mtu alimmalizia maneno, sijui kwa nini, kawaida watu humalizia.

Lakini siku yenyewe ninayotaka kuwaambia ni ya faini. Mikutano yetu ni Jumapili saa nane mchana na ukichelewa ni mia. Hiyo sheria ilikuwa ya zamani na ilikuwa imekufa, watu walikuwa wanakuja saa tisa wakitafuna. Jumapili moja mwenyekiti mwenyewe akatokea saa nane na dakika saba, anasukuma pikipiki kwa mguu, gurudumu la nyuma limelala chini, shati imeloa. Akaegesha, akaketi, mtu akaomba, tukasema amina. Halafu akanigeukia.

"Ka-katibu, umeandika?"

"Nimeandika nini, jaduong'?"

"Mi-mia yangu."

Watu wakacheka. Mmoja akasema aah mzee wachana nayo, si ni pancha, kila mtu ameona. Hakujibu. Akatoa noti ya mia kwa mfuko wa shati, ilikuwa imekunjwa mara nne, akaikunjua akaiweka juu ya kitabu, na kwa sababu alikuwa ametoka kushika mnyororo, kidole gumba kikaacha alama ya grisi kwa ukurasa. "A-andika na saa," akasema. Nikaandika: 8:07. Huo ukurasa bado upo, ile grisi imekuwa ya kahawia.

Hakuna hotuba ilitolewa. Jumapili iliyofuata ikifika saa nane kamili nilihesabu watu 31 wameketi, na jamaa mmoja mwenye maneno mengi, ambaye alikuwa na deni la faini tangu Machi, akanisongea kando akanipa mia nne bila kunitazama machoni.

Baadaye nikakumbuka stori ya Nyerere tuliyokuwa tunasimuliwa na mwalimu wa historia. Mwaka wa 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda jeshi la kujenga taifa, wakalalamika pia wakubwa wanakula mishahara minono huku wao wakiambiwa wajitolee. Nyerere alikasirika kabisa, akawafukuza mamia warudi makwao, lakini hapo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na ya wakubwa wengine ikakatwa. Unaweza kubishana juu ya kufukuza wale watoto, mimi pia ningebishana. Lakini ule mshahara ulifunga mdomo ambao hotuba haingeweza kufunga.

Kwa kibanda mchana hakuna wateja wengi, na nikiwa na bando huwa nasoma, kwa hivyo nikaanza kutafuta watu wenye akili wamesema nini juu ya hii kitu. Kuna Wamarekani wawili, James Kouzes na Barry Posner, ambao tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakiuliza watu, maelfu kwa maelfu, nchi nyingi, wangependa kuona nini kwa kiongozi ambaye wangemfuata kwa hiari yao. Hilo neno hiari ndilo swali lenyewe, kwa sababu kufuata kwa lazima hata ng'ombe anafuata. Majibu yanarudi karibu yale yale kila mara. Awe mkweli, awe anaona mbele, awe anajua kazi, awe anatia watu moyo, na ukweli ndio hukaa juu ya mengine. Ukiyafinya yote kwa mkono mmoja unabaki na hiki, afanye kile alisema atafanya.

Sawa. Lakini nikajiuliza, mbona sisi tukiulizwa kwa karatasi tunasema mkweli, mkweli, halafu siku ya kura tunaangalia kreti? Nafikiri ni kwa sababu karatasi haina kiu. Na pia ukweli wa mtu hauonekani siku ya kura, unahitaji wakati, unahitaji siku ya mvua, soda yenyewe inaonekana hapo hapo na ni baridi. Sijui kama wale Wamarekani waliwahi kuweka kreti mezani kabla ya kuuliza.

Nikarudi nyuma zaidi nikapata Aristotle, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema mtu anayeongea mbele ya watu anaaminiwa kwa mambo matatu: awe na akili ya mambo, awe na tabia njema, na awe anawatakia mema wale wanaomsikiliza. Hiyo ya tatu aliielezea vizuri sana, kwamba mtu anaweza kuwa na akili na tabia nzuri na bado akajua ushauri unaofaa lakini asikupe, kwa sababu hana haja na wewe. Halafu mwaka wa 1995 wasomi watatu wa Marekani, Mayer, Davis na Schoorman, wakaandika kwamba kuamini mtu kunasimama kwa uwezo wake, wema wake kwako na uadilifu wake. Ni kama walikuwa wanakaa kwa jiwe moja na Mgiriki.

Mimi nikachukua hizo tatu nikapima wazee wangu wawili. Wa kwanza, uwezo alikuwa nao, wema pia alikuwa nao. Uadilifu ndio ulivuja, na ulipovuja ukaondoka na zile zingine mbili, tukaanza hata kujiuliza kama yale matanga alikuwa anakuja kwa moyo ama alikuwa anatafuta kura. Labda tulimwonea hapo. Wa pili, uadilifu anao, wema anao ingawa si wa kukumbatiana. Uwezo sasa ndio ulitugharimu pikipiki.

Mwaka wake wa pili tulikubaliana tununue pikipiki moja ya mkono wa pili, iwe ya kikundi, mwenzetu asiye na yake aendeshe alete hesabu kwetu badala ya kwa tajiri. Elfu sitini na nane. Mwenyekiti alienda kuiangalia, akasikiza injini, akaangalia mnyororo, akarudi akasema ni safi. Injini ilikuwa safi kweli. Makaratasi ndiyo hayakuwa. Wiki sita baadaye watu wawili walikuja alfajiri na karatasi zao kuonyesha hiyo pikipiki ina deni la mkopo ambalo halijamalizwa, wakaibeba. Yule aliyetuuzia simu yake tangu siku hiyo ni mteja hapatikani.

Saa kumi na mbili asubuhi ndio aliambiwa. Saa moja haijafika kwa simu ya kila mtu kulikuwa na ujumbe wa sauti, dakika nne na kitu. Fikiria mtu mwenye kigugumizi, ambaye angeweza kuandika, ama angeweza kuniambia mimi niandike, anajirekodi dakika nne. "Pi-pi-pikipiki ya kikundi imechukuliwa. Mimi ndiye niliiangalia. Mimi ndiye nilisema ni s-safi. Makaratasi sikuangalia vile nilifaa." Halafu kimya kidogo, unasikia jogoo huko nyuma, halafu, "Msiulize katibu, hakuwepo."

Mimi nilikuwa kitandani, sijui hata kama kuna shida. Nilikuwa nimeshatolewa kwa shida kabla niijue. Kuna mtu alinipa elfu mbili nikanyamaza, na huyu ambaye hajawahi kuninunulia hata chai alikuwa amesimama mbele yangu.

Jumapili watu walikuja na hasira, isionekane kama tulikuwa malaika. Mmoja alisema alipe yote. Mwenyekiti akasema ni sawa, atalipa mia tano kila wiki. Nikapiga hesabu kwa sauti kwa sababu ndio kazi yangu, wiki 136, yaani miaka miwili na nusu na kitu. Watu wakanyamaza. Halafu yule jamaa wa maneno mengi, yule wa mia nne, akasimama akasema pikipiki tulikubali wote, basi tugawe katikati. Tukapiga kura, 21 kwa 9. Akalipa elfu thelathini na nne, wiki 68, na hajawahi kuruka hata moja, ndicho kilikuwa kitu cha kwanza kuandikwa kila Jumapili kabla ya maombi. Watatu walitoka kwa kikundi. Mmoja ni rafiki yangu mpaka leo na anasema sisi ni wajinga, mtu mzima apoteze pesa ya watu halafu apewe nusu bei kwa sababu amejisema vizuri. Nimejaribu kumjibu mara nyingi. Sidhani ana makosa yote.

Lakini kuna Mmarekani mwingine, Edwin Hollander, aliyeandika mwaka wa 1958 kitu ambacho mtu wa chama cha akiba anaelewa bila kufafanuliwa. Alisema mtu ndani ya kikundi huwa anajiwekea akiba machoni pa wenzake, kwa kushika sheria za kikundi na kwa kuonyesha anaweza kazi, na hiyo akiba ndiyo anakuja kutumia siku akitaka kufanya kitu ambacho watu hawajazoea, ama siku amekosea. Ni kuweka na kukopa. Ile mia ya grisi ilikuwa mchango. Zile picha za ukurasa kila Jumapili zilikuwa mchango. Siku ya pikipiki alikopa, na alikopa pesa nyingi, na kwa maoni yangu akaunti sasa imebaki na kidogo sana, akipoteza pikipiki nyingine hata mimi nitainua mkono. Mwenyekiti wa kwanza yeye alianza kwa kukopa. Zile soda zilikuwa mkopo, sisi tulidhani ni mchango.

Na kwa sababu naandika nikiwa Kisumu siwezi kujifanya sijaona hii kitu kwa kipimo kikubwa. Januari 30, 2018 Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, aliapishwa Uhuru Park kama rais wa wananchi, watu wa huku walikuwa tayari kwa lolote. Machi 9, siku 38 baadaye, akasimama kwa ngazi za Harambee House akapeana mkono na Uhuru Kenyatta, rais mwenyewe aliyekuwa anampinga. Pale steji siku hiyo wateja walingoja, hakuna mtu alikuwa anawasha pikipiki. Wengine walinung'unika wazi, kuna mmoja alivua kofia yake ya chungwa, rangi ya chama cha Raila, akaiweka kwa mfuko. Kiongozi mwingine angepotea hapo. Lakini huyu alikuwa amezuiliwa bila kufanyiwa kesi zaidi ya mara moja kati ya 1982 na 1991, na kila familia ya huku ilikuwa na mjomba anayekumbuka, kwa hivyo akiba ilikuwa ya miaka mingi, watu wakasema wacha tuone Baba, ndivyo tulivyomwita Raila, anaona nini. Si lazima ukubaliane na alichofanya. Mimi nasema tu vile watu walihesabu. Alipofariki Oktoba 2025 na mwili ukaletwa uwanja wa Mamboleo, yule wa kofia alikuwa mbele na matawi yamefungwa kwa pikipiki, na kofia ilikuwa kichwani.

Kuna mfano mmoja zaidi ambao huwa hautoki kwa akili yangu. Wangari Maathai alianza na miche saba Juni 1977, akasema miti, miti, miti karibu maisha yake yote, akapigwa kwa sababu ya miti, akapewa Nobel mwaka wa 2004. Alipofariki Septemba 2011 alikuwa ameacha neno kwamba asizikwe kwa jeneza la mbao. Wakamtengenezea la mianzi, mafunjo na gugumaji. Gugumaji! Hii takataka yetu ya ziwa, hii inayofunga boti pale Dunga mpaka wavuvi wanaitukana kila asubuhi. Mtu ambaye hakuna angemlaumu kwa mbao tatu nne siku ya mwisho, na hakuzichukua. Ni kama mamangu angefungua shavu hata siku hiyo na akute kuko nyekundu.

Katiba yetu ya 2010 nayo imeandika haya kwa kifungu cha 73, kwamba mamlaka ni dhamana ya umma, kazi ya kuhudumia na si nguvu ya kutawala. Ni maneno mazuri sana. Nimeyaona yamebandikwa ukutani kwa ofisi kadhaa ambako niliketi benchi tangu asubuhi.

Basi turudi kwa kijana. Uchaguzi wetu ni mwezi ujao na nimekuja kugundua ile swali lake haikuwa ya gumzo tu. Anataka kiti. Si kijana mbaya, ana pikipiki safi, anaongea vizuri, ana mpango wa bima ambao kusema ukweli ni mzuri kuliko chochote jaduong' amewahi kuleta, na inawezekana kabisa tunamhitaji. Jumapili iliyopita baada ya mkutano akaleta kreti. Moja tu, si mbili. Akazungusha mwenyewe, anafungua kwa meno anacheka, watu wakachangamka. Mimi nikapata Stoney. Nikainywa, ilikuwa baridi.

Mwenyekiti pia alichukua yake, Fanta, akainywa polepole mpaka chini, hajaikataa wala hajasema kitu. Akarudisha chupa kwa kreti. Halafu akaingiza vidole kwa mfuko wa shati akatoa hamsini, akamwekea kijana kwa kiganja.

"Ya so-soda yangu."

Kijana akacheka, akidhani ni mzaha, akaangalia watu. Hakuna aliyecheka naye. Akabaki ameishika hiyo hamsini, hajui kama ataiweka mfukoni ama atanipa mimi niandike.